Nyumba moja, alama tatu kwenye ramani

Mhariri,

Wiki mbili zilizopita insulini ya mama yangu ilifika gatini Lamu saa sita mchana kwa boti ya Mokowe, imo kwenye kasha la barafu. Kutoka gatini hadi kwetu Langoni hakuzidi dakika kumi kwa miguu. Hodi ilibishwa mlangoni saa kumi kasorobo, barafu imeshakuwa maji. Dawa hiyo haitaki joto, na kwa jua hili la kaskazi hatukuthubutu kuitumia.

Kijana aliyeibeba simlaumu hata kidogo. Ni mgeni wa mji, alifuata lokesheni tuliyomtumia, na simu ikampeleka Mkomani, kisha kichochoro cha nyuma yetu, kisha ikamrudisha Mkomani.

Jioni nilikaa na mpwa wangu tukaifungua ramani. Nyumba yetu imo mara tatu. Kwanza kwa jina la marehemu babu, kama watu wanavyoijua. Pili kwa jina la duka lililokuwa chini, alama imewekwa kwa jirani. Tatu ni jina la babu tena, herufi moja imekosewa, nayo iko Mkomani, upande wa pili wa mji.

Nimefundisha shule miaka mingi, na mtoto anapokosea mimi huuliza kwanza alipitia wapi. Hapa njia yaonekana. Nyumba zetu za mawe ni za ghorofa mbili na tatu, na vichochoro ni vyembamba. Mawimbi ya setilaiti hugonga kuta kabla ya kuifikia simu, ikadhani iko hatua kadhaa kando. Anayekuja baadaye kuweka alama haoni ile ya mwenzake pale alipo, basi huongeza yake. Tena nyumba hazina namba za mlangoni. Anwani yetu ni sanduku la posta, Lamu 80500, na sanduku halimwonyeshi mtu mlango.

Majina nayo ni mengi, na wingi huo si kosa. Barabara yetu kuu huandikwa Harambee Avenue. Sisi twaiita Usita wa Mui, na wapo wanaosema Ndia Kuu. Yote ni majina yake halali. Kosa ni kulichorea kila jina mstari wake, kana kwamba Lamu ina barabara kuu tatu zilizolaliana. OpenStreetMap, ramani ambayo yeyote aweza kuihariri, ina nafasi ya jina kuu, jina jingine na jina la zamani kwa barabara hiyo hiyo moja. Ukiyapanga hivyo, mgeni ataipata kwa jina lolote alilopewa, na jina la wazee wetu halipotei.

Nawasihi vijana wanaoisahihisha ramani wasiharakie kufuta alama. Malindi wana mtaa wa Shella, nasi tuna kijiji cha Shela. Mji wa Lamu una Msikiti wa Ijumaa, na Shela pia wana wao. Anayelinganisha majina akiwa mbali, bila kuuliza, ataona marudio pale ambapo pana misikiti miwili na jumuiya mbili za waumini. Na alama ya zamani kwenye ramani huenda ndiyo iliyo mahali pake, mpya ikawa ndiyo iliyopotea.

Ombi langu kwa serikali ya kaunti ni dogo. Kila mtaa utafutiwe watu wawili, mzee anayezijua nyumba na kijana anayeijua simu, wapite pamoja mlango kwa mlango. Langoni mimi na mpwa wangu tumeshaanza. Ile alama ya Mkomani imeondoka. Ya duka tumeisogeza hadi kwetu lakini hatujaifuta. Mwenye duka yuko Malindi, na twangoja arudi atuambie kama atafungua tena.

Mwalimu mstaafu,
Langoni, Lamu