Mwanangu, jana jioni baba yako aliruka

Mwanangu mpenzi,

Habari za masomo? Sisi wazima, isipokuwa mimi natembea kama kaa. Nyonga ya kushoto imegoma, na kidole gumba cha mkono wa kulia bado hakijakubali kwamba tumeshaingia ndani. Mama yako hana huruma hata chembe. Ameniwekea beseni la maji ya moto, kisha akaniambia nikuandikie mwenyewe, kwa sababu akikupigia yeye atakusimulia kwa namna yake, nawe namna yake unaijua.

Basi ni hivi: jana jioni niliruka. Kwa skii, zile mbao za kutelezea juu ya theluji. Usicheke kwanza, maliza barua.

Si kwenye kilima chako kile kikubwa, la hasha. Ni kile kidogo cha wanaoanza, chenye alama ya K, ile inayoonyesha ukubwa wa kilima, kwenye mita 10, ambacho wewe ulikihama ukiwa na miaka 7. Mimi nina 46. Klabu imetenga Jumatano jioni kwa watu wazima wasio na lengo lolote la maana, na jana tulifika tisa, wengi wetu wazazi wa watoto wanaoruka au waliowahi kuruka. Taa zilikuwa zimewashwa, upepo hakuna, baridi nyuzi 14 chini ya sifuri. Ile baridi ambayo ukivuta pumzi vinyweleo vya puani vinashikana.

Kabla ya kuruka, kazi. Hili wewe unalijua kuliko mimi: mnajipanga mstari, skii zimekaa mkingamo, mnapanda mteremko ubavuubavu huku mkikanyaga theluji mpaka ishikane. Tulikanyaga dakika 40. Miaka yote ile niliwatazama mkikanyaga, mimi nimekaa kwenye gari lenye joto, najiuliza mbona mnachelewesha zoezi. Jana nilipofika nusu ya mteremko mapaja yalikuwa yanatetemeka, jasho limeniloa mgongo, masikio hayapo. Kisha tukatawanya vijitawi vya msonobari pale pa kutulia. Kumbe ndiyo kazi yake! Chini ya taa theluji yote ni nyeupe tupu, haina mbali wala karibu, na vile vijani vyeusi ndivyo vinavyoliambia jicho kwamba ardhi iko hapa. Mimi nilidhani ni mapambo.

Na jambo lingine nililokuwa nakudanganya bila kujua. Unakumbuka nilivyokuwa nikisema, "Leo baridi kali, leo mtateleza kama sabuni"? Si kweli. Theluji ikipoa sana chembe zake huwa ngumu na zenye ncha, na ule unyevu mwembamba unaoifanya skii iteleze unapungua. Inakwaruza kama unapita juu ya mchanga. Ulikuwa ukiniambia, "Baba, leo inashika," nami nakujibu jitahidi.

Nilivaa skii fupi za kawaida za kuteremkia mlima, kisigino kimefungwa. Kocha alikataa kunipa zile ndefu za kurukia. Alisema hazina kingo za chuma, visigino vinakaa huru, na nikishafika chini sitajua namna ya kuzisimamisha. Sikubishana. Kofia ngumu nilichukua ya kwako, ile nyekundu, ilikuwa bado inaning'inia kwenye msumari stoo. Imenikaa sawasawa. Mama yako siku zote anasema mimi na wewe tuna kichwa kimoja, na hakusudii kutusifu.

Ngazi za kupandia ni 31, nimezihesabu. Mpanda ngazi hushuka, wanasema, ila pale juu kuna njia mbili za kushuka, na moja inapita mbele ya wenzako wote wanane waliokodoa macho. Nikaketi kwenye boriti, pale mrukaji anapokaa kabla ya kuachia. Baridi ya chuma ikapita suruali mbili kana kwamba sikuvaa kitu. Nikashusha miwani, ikaingia ukungu papo hapo, nikamkumbuka yule Mwingereza mpiga plasta, Eddie Edwards, aliyeruka kwenye Olimpiki ya Calgary mwaka 1988 na miwani yake yenye ukungu akawa wa mwisho mara mbili. Tulimcheka sana kwenye televisheni enzi hizo. Namwomba radhi.

Sasa sikiliza, mama. Kutoka chini, kwa miaka yote niliyosimama pale uzioni, niliamini kwamba ule ukingo wa kurukia unaelekea juu kidogo, kwamba ndio unaomrusha mtu. Ukikaa kwenye boriti unauona ulivyo: unaelekea chini. Kocha anasema kwenye vilima vikubwa huinama kiasi cha nyuzi 10 au 11. Haukurushi hata kidogo. Kinachokurusha ni miguu yako mwenyewe, na muda ulio nao wa kujinyoosha ni kama theluthi moja ya sekunde, basi. Ukiwahi, unaipoteza nguvu. Ukichelewa, ukingo umeshakwisha, unausukuma upepo.

Kocha akashusha mkono. Nikaachia.

Sikumbuki mengi. Mngurumo wa skii kwenye mifereji ile miwili ya kushukia, magoti yanagongana, halafu ule mngurumo ukakatika ghafla kama mtu amezima redio. Hapo nikajua niko hewani. Siwezi kukuambia ni kwa muda gani. Wala si juu sana, maana mteremko unashuka pamoja nawe na theluji iko palepale chini ya miguu, lakini moyo haujui hesabu hizo. Kisha pa! Nikatua nimechuchumaa kama mtu anayetafuta sarafu iliyoanguka. Kule kuweka mguu mmoja mbele na kutandaza mikono, kama mlivyofundishwa, hata sikukufikiria.

Mita 6. Mara ya pili, mita 7 na nusu! Alinipimia yule mama mfupi mliyekuwa mkimwogopa, akasimama kando ya mteremko na kuonyesha kwa mkono pale miguu ilipogusa, uso haucheki. Nikaambiwa kwamba mwaka 1808 ofisa mmoja wa jeshi kule Norway, Olaf Rye, aliruka mita 9.5, na hiyo ndiyo ruko ya kwanza inayotajwa kuwa ilipimwa. Kwa hiyo niko nyuma ya mwaka 1808 kwa mita 2 tu.

Baada ya ruko ile kocha akaniuliza, "Umenisikia nilivyokuambia pale kwenye ukingo?" Sikusikia kitu. Akasema alipiga kelele kwa nguvu zake zote. Nikavua kofia nipanguse barafu, ndipo nikaviona.

Vipande viwili vya sponji, kimoja kila upande, pale penye masikio. Vimekatwa kwa mkasi, vizuri, umbo la sikio kabisa, vikabandikwa kwa plasta ya kidonda. Kile cha kushoto plasta yake imeanza kubanduka. Kwanza nikasema moyoni, maskini mwanangu, alikuwa akisikia baridi masikioni na hakusema. Nikavitoa, nikavitia mfukoni, nikapanda ngazi zote 31 kwa mara ya tatu.

Mara hii nilisikia kila kitu. Nilisikia wenzangu wakinong'ona. Nilisikia mtu akifungua zipu. Nikaachia, na mngurumo ulipoanza tu, mwenzetu mmoja aliyekuwa amesimama kule chini, mtu mwema asiye na baya na mtu yeyote, akapaza sauti: "Sasa, kaka! Sasa!" Na mimi nikamtii. Nikajinyoosha kwa nguvu zote, na chini yangu hapakuwa tena na ukingo wa kuusukuma. Hiyo ndiyo habari ya nyonga.

Nililala chali kwenye theluji natazama taa, nikapiga hesabu. Katika baridi kama ile sauti husafiri kama mita 320 kwa sekunde. Kwenye kilima chako cha mita 40 mimi nilikuwa nasimama kule mwisho, uzioni, si chini ya mita 60 kutoka kwenye ukingo. Nikiita "Sasa!" kwa wakati barabara kabisa, neno linakufikia baada ya karibu moja ya tano ya sekunde. Na wewe muda wako wote ni theluthi. Hapo bado sikio halijaupa ubongo habari, wala ubongo haujauambia mguu. Misimu sita, mwanangu. Misimu sita nilikuwa nakutumia barua iliyopitwa na wakati.

Tena ingekuwa ni "Sasa" peke yake. Nilikuwa naita pia, "Unganisha skii!" kwa sababu warukaji niliowaona utotoni walikuwa wakiruka skii zimeshikana kama njiti mbili, na nilidhani uzuri ni huo. Kocha wako akikufundisha kuzipanua umbo la V, mimi huku naita unganisha. Jana ndipo nikasimuliwa vizuri habari za Jan Boklöv wa Uswidi, aliyezipanua wakati wengine wote wamezibana. Majaji walimkata pointi za mtindo ruko baada ya ruko, na bado akachukua Kombe la Dunia msimu wa 1988/89, kwa kuwa hewa ilimbeba mbali kuliko wenzake. Miaka michache baadaye kila mtu alikuwa anaruka kama yeye. Kwenye mashindano majaji ni watano, alama ya juu kabisa na ya chini kabisa zinatupwa. Wewe ulikuwa na wa sita, na alama zake hakuna aliyezitupa.

Jioni ile uliyoanguka naikumbuka. Niliita kama kawaida yangu. Ulijinyoosha ukiwa umechelewa, ukatua upande, ukabiringika mpaka karibu na miguu yangu, na kabla sijakuuliza kama umeumia nilishamwambia mzazi aliye pembeni, "Anachelewa huyu, siku zote anachelewa." Najua ulinisikia, kwa sababu uligeuza uso. Kofia ilikuwa imekuvuka, imeviringika peke yake pembeni. Msimu uliofuata ukasema masomo yamekuwa mengi, nami nikakubali, kwa kuwa jibu hilo lilinifaa.

Sijui kama vile vipande ulivibandika kabla ya jioni ile au baada yake. Nimevitazama sana usiku huu. Plasta ni ile yenye picha za samaki, ambayo mama yako aliacha kununua ulipofika miaka 10, na ulianguka una miaka 13. Kwa hiyo nadhani jibu ninalo, isipokuwa kama mlikuwa na akiba mahali. Kelele za mlango hazimnyimi mwenye nyumba usingizi, lakini mtoto wa miaka 9 au 10 kujikatia sponji kwa mkasi, akanyamaza, akaendelea kuniruhusu nije nisimame pale kila jioni ya zoezi! Na ulikuwa ukishuka unaniuliza, "Umeniona, baba?" Hukuniuliza hata siku moja kama nilisema nini.

Nisamehe, mama. Sisemi mengi hapo, nikisema mengi nitaanza tena kukuelekeza.

Nina swali moja, na nalileta kwako kama anayeanza kwa aliyetangulia. Ukiwa kwenye mifereji, macho unayaweka wapi? Kocha anasema mbele, lakini mimi nimegundua naangalia ncha za skii, na nikijilazimisha kuangalia mbele magoti yananyooka yenyewe. Yule mama mfupi anasema kila mtu ana pake pa kutazama. Wewe ulikuwa unatazama wapi? Nijibu kabla ya Jumatano.

Kofia nimeianika karibu na hita. Sponji nimezirudisha mahali pake, na ile ya kushoto nimeitia plasta mpya.

Baba yako