Wanaotumia ARV waelezwe saa za dawa kabla ya Ramadhani

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo huku Lamu husemwa kwa minong'ono tu, ilhali linahusu uhai wa watu: matumizi salama ya dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI (ARV), hasa wakati huu tunapoukaribia mwezi mtukufu wa Ramadhani. Nahudumu katika duka la dawa mtaa wa Langoni, na haya ninayoyaandika yametokana na maswali ninayoulizwa dirishani, na zaidi yametokana na yale ambayo watu huona haya kuyauliza.

Ipo hofu iliyozagaa kwamba dawa hizi ni kali kiasi cha kummaliza mtu haraka kuliko ugonjwa wenyewe. Hofu hiyo haikuzuka hivi hivi. Walioanza tiba miaka ya 2000 wanaikumbuka stavudini, iliyowakausha mashavu na kuwatia ganzi miguuni. Wanaikumbuka nevirapini, iliyowatoa harara mwili mzima na wengine kuwaumiza ini. Na efavirenzi, iliyowaletea kizunguzungu na ndoto za kutisha. Tembe wanayopewa watu wazima wengi leo ni nyingine. Kwa kifupi huitwa TLD, na ndani yake mna dawa tatu: tenofoviri miligramu 300, lamivudini miligramu 300 na dolutegraviri miligramu 50. Humezwa moja tu kwa siku, mtu akiwa amekula au hajala. Shirika la Afya Duniani liliipa dolutegraviri nafasi ya kwanza katika tiba mwaka 2019, na Kenya ilikuwa imekwisha kuanza kuitumia kabla ya hapo. Wapo wanaokosa usingizi au kuumwa na kichwa majuma ya mwanzo, na wapo wanaoongezeka uzito au kupandwa na sukari, mambo ambayo yafaa kuelezwa kliniki. Lakini walio wengi huizoea bila taabu. Mtu akidumu nayo, virusi hupungua hadi kipimo kisiweze kuviona, na akibaki katika hali hiyo hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Hili limethibitishwa na tafiti zilizowafuatilia wenzi, mmoja akiwa na virusi na mwingine hana, kwa miaka.

Kwa hiyo sina wasiwasi na tembe. Wasiwasi wangu uko kwenye vitu vinavyomezwa pamoja nayo bila daktari kujua, kwa sababu mgonjwa anaficha, na kwa sababu anayemhudumia hakumuuliza.

Dolutegraviri ina tabia moja ambayo kila anayeitumia angepaswa kuambiwa siku ya kwanza: tumboni hushikamana na madini kama magnesiamu, alumini, chuma, kalsiamu na zinki, na ikishikamana nayo haipenyi vizuri kuingia katika damu. Sasa tazama mwenendo wetu wa Ramadhani. Mtu ameshinda na njaa tangu alfajiri, adhana ya Magharibi ikilia anafungua kwa tende na maji, kisha zinafuata sambusa, bajia, kaimati na viazi vya karai, na kabla ya Isha kifua kinamwaka moto. Anakuja dirishani kutaka dawa ya kiungulia, ile nyeupe ya maji au zile tembe za kutafuna, ambayo huuzwa bila cheti cha daktari na mara nyingi imetengenezwa kwa magnesiamu na alumini. Anainywa palepale na kuondoka. Ikiwa alikuwa amechelewesha TLD yake na kuimeza baada ya kula, muda mfupi kabla ya kuja kwangu, sehemu kubwa ya dolutegraviri ya siku ile imekwenda bure. Hataumwa, wala hataona dalili yoyote. Akifanya hivyo mwezi mzima, huenda akapimwa na kukutwa virusi vimepanda, kisha akaambiwa kwa ukali kwamba hamezi dawa. Naye anazimeza kila siku. Nimewasikia watu wa aina hii wakilalamika kwa uchungu, na kwa kweli wana haki ya kulalamika, kwa kuwa walilaumiwa kwa kosa ambalo hakuna aliyewaonya nalo.

Kanuni yenyewe si ngumu. TLD imezwe muda usiopungua saa mbili kabla ya dawa ya kiungulia yenye madini hayo, au muda wa saa sita baada yake. Kwa mfungaji wa Lamu, maana yake ni kwamba tembe imezwe pamoja na tende ya kufungulia, yapata saa kumi na mbili na nusu jioni, na dawa ya kiungulia ingoje hadi watu watoke kwenye tarawehe, saa tatu usiku au baadaye. Akitaka kuinywa wakati wa daku haidhuru, kwa maana kutoka daku hadi Magharibi ni zaidi ya saa kumi na tatu. Anayemeza tembe yake asubuhi siku zote, na sasa anataka kuihamishia jioni kwa ajili ya funga, apite kliniki kwanza aelekezwe namna ya kuhama bila kuacha pengo.

Vidonge vya madini ya chuma na vya kalsiamu, ambavyo mama wajawazito hupewa kliniki, hufuata kanuni hiyohiyo, isipokuwa vinaweza kumezwa pamoja na TLD iwapo vyote viwili vinamezwa pamoja na chakula. Mama wengi nilioongea nao hawakuwa wakilijua hili, na baadhi yao waliamua wenyewe kuacha kimoja, ama chuma ama TLD. Wengine bado wanaogopa ule uvumi kwamba dolutegraviri hulemaza mtoto tumboni. Uvumi huo una chanzo: mwaka 2018 utafiti wa Botswana ulitoa tahadhari kuhusu kasoro za uti wa mgongo. Utafiti huohuo ulipoendelea kukusanya taarifa za wanawake wengi zaidi, tofauti ile ilififia, na leo dawa hii inapendekezwa kwa wajawazito na wanaonyonyesha. Mama anayeiacha ndiye anayemweka mtoto wake hatarini.

Kuhusu kufunga kwenyewe, anayemeza tembe moja kwa siku na hali yake imetulia hana sababu ya dawa kumzuia asifunge. Lakini anayetibiwa kifua kikuu kwa rifampisini huongezewa dolutegraviri nyingine, zipishane kwa saa kumi na mbili, kwa sababu rifampisini huifanya dolutegraviri iishe nguvu mapema mwilini. Huyu asijipangie ratiba yake ya futari na daku bila kumwona daktari, na wala asijione mpungufu wa imani akiambiwa ale. Aya ya 185 ya Suratul Baqara imempa mgonjwa ruhusa ya kufungua na kulipa siku nyingine, na nadhani maimamu wetu wangetusaidia sana kama wangeikumbusha ruhusa hiyo kwenye hotuba ya Ijumaa bila kuutaja ugonjwa wowote, ili kila mwenye lake alichukue kimya kimya.

Yapo mengine nitakayoyapitia upesi. Mwenye kisukari anayemeza metfomini amwambie daktari, kwani dolutegraviri huizidisha metfomini mwilini na aghalabu kipimo chake hakizidishwi miligramu 1000 kwa siku. Baadhi ya dawa za kifafa, kama kabamazepini, huidhoofisha dolutegraviri. Omeprazoli, ambayo wengi huitumia kwa vidonda vya tumbo, haina ugomvi na dolutegraviri, ila huiharibu atazanaviri, dawa wanayotumia baadhi ya walio kwenye tiba ya pili, yaani waliobadilishiwa dawa baada ya zile za kwanza kushindwa.

Diklofenaki, hata hivyo, siwezi kuipita hivyo. Wachukuzi wa bandarini na wavuvi huinunua kwa maumivu ya mgongo kama mtu anunuavyo peremende, wakaimeza kila siku, pengine pamoja na dawa nyingine za maumivu za jamii hiyohiyo. Tenofoviri iliyomo ndani ya TLD hupitia kwenye figo, na figo ndizo zinazoumizwa na dawa hizi za maumivu zikitumiwa kwa wingi. Ukiongeza kushinda juani bila maji, mzigo umekuwa mkubwa mno. Mwenzangu mwenye duka la dawa, ukimuuzia mtu diklofenaki kila wiki, muulize anatumia nini kingine, na umuulize kando, asisikiwe na waliopanga foleni nyuma yake.

Sizuii mtu kuombewa dua wala kunywa kombe; hizo ni imani zetu na hazimlazimishi mtu kuacha tembe. Ninachokikataa ni yule mganga anayemwambia mgonjwa aache dawa za hospitali ili miti yake ifanye kazi. Mwaka 1990 hapa Kenya tulitangaziwa Kemron kama tiba ya UKIMWI kwa shangwe kubwa, na uchunguzi wa baadaye ukaonyesha kwamba haikuwa tiba. Mwaka 2011 maelfu walimiminika Loliondo, Tanzania, kunywa kikombe cha Babu, dawa ya miti ya mchungaji mstaafu, na wapo walioacha ARV zao baada ya kunywa. Virusi vilirudi. Kwa mwenye homa ya ini aina ya B hatari ni maradufu, kwa sababu tenofoviri na lamivudini huudhibiti ugonjwa huo pia, na akiziacha ghafla ini linaweza kuwaka upya.

Wavuvi wa Kizingitini, Faza na Kiwayu wana shida yao ya peke yao. Mtu anapokwenda dago, yaani kambi ya uvuvi, hulala na wenzake mahali pamoja kwa siku nyingi, na kopo la tembe hulia likitikisika. Wengine hulijaza pamba. Wengine huzimwaga tembe ndani ya mfuko wa plastiki na kukitupa kile kifuko kidogo cha kunyonya unyevu wakidhani ni sumu, kisha mfuko hufichwa karibu na injini ya mashua, mahali penye joto kuliko pote. Dawa hizi hutakiwa kukaa penye joto lisilozidi nyuzi 30, pasipo unyevu. Pamba kidogo si tatizo, mradi tembe zibaki katika kopo lake lenye kifuniko na kile kifuko kiwemo, na kopo liwekwe kivulini ndani ya mfuko usioingiza maji. Aliyesahau tembe aimeze mara anapokumbuka, isipokuwa kama zimesalia chini ya saa nne kufikia tembe inayofuata. Hapo ameze hiyo inayofuata kwa wakati wake wala asimeze mbili kufidia. Na dawa zikimwishia asikope za mkewe, maana hapo wote wawili wataishiwa kabla ya siku yao ya kliniki.

Lakini kwa nini zimwishie? Shirika la Afya Duniani linapendekeza mgonjwa aliyetulia apewe dawa za miezi mitatu hadi sita kwa mara moja. Mtu wa Kiwayu anayepewa za mwezi mmoja, kisha kusi ikavuma na bahari ikachafuka, hawezi kufika Amu, mjini Lamu, kwa tarehe aliyoandikiwa, na nauli ya boti si ya mchezo. Naiomba idara ya afya ya kaunti ihakikishe kwamba watu wa visiwani na wavuvi wanatangulizwa katika mgao wa miezi mingi.

Ombi jingine linahusu faragha. Tangu Marekani iliposimamisha misaada yake Januari 2025, huduma za VVU zilizokuwa na vyumba vyake zimekuwa zikiunganishwa na za wagonjwa wa kawaida. Sipingi kuunganishwa, na huenda siku moja kukaondoa unyanyapaa. Lakini mji wetu ni mdogo, kila mtu ni ami au binamu wa mtu, na mgonjwa akitajwa dawa zake mbele ya foleni hatarudi. Sheria ya mwaka 2006 ya kuzuia na kudhibiti VVU na UKIMWI inailinda siri ya mgonjwa. Chumba kimoja chenye mlango unaofungika, katika kila kituo, ni jambo ambalo kaunti inaliweza. Pale ndipo mgonjwa atakapoweza kutaja dawa ya kiungulia, ya sukari, ya mgongo na miti shamba yote anayotumia, na mhudumu akamwandikia saa zake nyuma ya kadi kabla mwezi haujaandama.

Kwa upande wangu, duka huwa tupu baina ya Adhuhuri na Alasiri. Mwenye swali na aje wakati huo na kopo lake, au amtume amwaminiye na karatasi yenye majina ya dawa zote anazomeza, bila jina lake.

Mhudumu wa duka la dawa,
Langoni, Lamu.