Barabara ya pwani ihesabu na samaki

Mhariri,

Barabara ya Tanga–Pangani–Bagamoyo naiunga mkono kwa moyo wote. Aliyewahi kumpeleka mgonjwa Tanga mjini wakati wa vumbi na mashimo anaijua thamani ya lami, na daraja la mita 525 juu ya Mto Pangani ni ukombozi kwa waliozoea kusubiri kivuko. Ombi langu ni juu ya kinachotoka barabarani kuingia baharini.

Masika ikikuta tuta la kuinulia barabara bado ni udongo mtupu, udongo ule hushuka mitaroni, ukaingia vijitoni, ukatua kwenye mikoko na majani ya bahari, wanakokulia tasi na changu wachanga. Ng'oa jani moja lililofunikwa na tope ulisugue kwa kidole: chini ya utando ule halipati mwanga. Majani yakifa, tasi hana malisho. Samaki wakubwa huhamia maji safi ya mbali, na mwenye boti ya mashine atawafuata. Mzee wa mtumbwi na madema, mitego yake ya samaki, atawafuata na nini? Na akina mama wanaotanda uduvi?

Kuna pia suala la kalavati, njia ya maji chini ya barabara. Mhandisi akipiga hesabu ya maji ya mvua yanayoshuka peke yake, akayasahau ya bahari yanayopanda, kalavati huwa nyembamba au huwekwa juu mno. Maji ya bamvua hayafiki nyuma ya tuta, mikoko hudhoofika, na mkizi na kamba wachanga hukosa njia.

Kigombe, inakopita barabara hii, imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti iliyoanzishwa 2009. Silikanti mwenyewe, samaki aliyeipa hifadhi jina, anaishi vilindini. Riziki ya wanakijiji iko kwenye maji ya magoti.

Kwa hiyo udongo uchimbwe wakati wa kaskazi, na miteremko ipandwe nyasi kabla ya Machi. BMU, vikundi vya wanavijiji vya kusimamia uvuvi, ziitwe kwenye ukaguzi, si kwenye uzinduzi tu. Samaki wanaoshushwa kila mwalo waandikwe daftarini kwa aina na kilo, kabla ya ujenzi, wakati wa ujenzi na miaka kadhaa baadaye. Mwenye mnazi hulipwa mnazi wake ukikatwa. Mvuvi hana hati ya mahali anapotega dema, na daftari hilo ndilo litakalomsemea siku ya kudai fidia.

Mkazi wa Pangani