Barua ya wazi kwa Waziri wa Nyumba wa Marekani: nyumba zilizookolewa kwa fedha za umma zinaponyoka

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Nyumba na Maendeleo ya Miji, Washington.

Mheshimiwa, salamu kutoka Cleveland, Ohio. Nimeandika kwa Kiswahili kwa makusudi. Ofisi yako haiwezi kukosa mtafsiri. Majirani zangu waliotoka Kongo, Burundi na Tanzania, ambao jambo hili la kodi nafuu ya pango inayokaribia kukoma linawagusa mfukoni, wanastahili kulisoma bila kumsubiri mtu awaeleze.

Mwaka 2007 eneo la posta 44105, ambamo mna mtaa wa Slavic Village, lilitajwa kuongoza nchi nzima kwa nyumba zilizofikishwa mahakamani kwa sababu ya madeni ya rehani. Unajua yaliyotangulia: mikopo ya riba inayopanda, madalali wakigonga milango ya wazee waliokwisha kulipia nyumba zao na kuwashawishi wakope tena. Kisha kesi, kisha mnada wa sherifu, kisha benki inainunua nyumba yenyewe na kuiacha tupu. Wezi wakaingia kung'oa mabomba ya shaba. Maji yakafurika hadi ghorofa ya chini. Na yule wa nyumba ya pili, aliyelipa deni lake kila mwezi bila kukosa, akaamka na kukuta nyumba yake haina bei. Januari 2008 jiji lilizishtaki benki 21 kwa kuleta kero kwa umma, likashindwa mahakamani.

Serikali ilisaidia, na sitaki kuonekana mtovu wa shukrani. Sheria ya Julai 2008 ilitenga dola bilioni 3.92 kwa mpango wa kuimarisha mitaa, ule unaoitwa NSP. Mwaka 2009 zikaongezwa karibu bilioni 2, na mwaka 2010 bilioni 1 nyingine. Jumla inakaribia bilioni 7. Kwa nchi ambayo mamilioni ya familia yalipoteza nyumba, hizo hazikuwa fedha nyingi, ila zilikuwa na sharti moja la busara: angalau robo ziwafae watu wenye kipato kisichozidi nusu ya kipato cha kati cha eneo lao.

Tatizo lilikuwa kasi. Halmashauri iliyopata fungu la kwanza ilikuwa na miezi 18 tu ya kuzipangia fedha hizo kazi kwa mikataba, na kabla ya kununua nyumba hata moja ilipaswa kuthaminisha, kukagua mazingira na kubembeleza benki zishushe bei. Wakati makaratasi yanazunguka, wanunuzi wa jumla, wale wanaochukua nyumba nyingi kwa mkupuo, walikuwa wanalipa taslimu. Hapa Cleveland nyumba nyingi ziliuzwa chini ya dola 10,000, nyingine kwa watu ambao hawakuwahi hata kuuona mtaa wenyewe. Wakapiga rangi, wakapangisha, na paa likivuja hawapatikani. Wizara yako ilianzisha utaratibu wa kuzipa halmashauri na mashirika ya jamii nafasi ya kwanza ya kununua mwaka 2010, miaka miwili baada ya sheria. Nyumba nzuri zilikuwa zimekwisha kwenda.

Kilichofaa zaidi, kwa maoni yangu, ni benki ya ardhi ya Kaunti ya Cuyahoga, yaani kaunti yetu ya Cleveland: chombo cha kuchukua nyumba na viwanja vilivyotelekezwa, kilichoundwa 2009, ambayo mwaka 2010 ilipewa, pamoja na washirika wake, dola milioni 40.8 za fungu la pili. Ilibomoa zisizotengenezeka na kukarabati zilizobaki na uhai. Wako wanaosema kubomoa ni kukata tamaa. Hao hawajawahi kulala ukuta kwa ukuta na nyumba tupu.

Sasa nije kwenye kilichonifanya nishike kalamu. Nyumba za kupangisha zilizokarabatiwa kwa fedha hizo zilifungwa na masharti ya kodi nafuu, na mengi yalifuata kipimo cha wizara yako: miaka 5 kwa ruzuku ndogo, miaka 10 kwa ya kati, na miaka 15 pale ruzuku ilipozidi dola 40,000 kwa nyumba. Kazi kubwa ya ukarabati ilifanyika kati ya 2010 na 2013. Piga hesabu, Mheshimiwa. Yale masharti marefu yanakoma kati ya 2025 na 2028. Muda ukipita, mwenye nyumba ana ruhusa ya kupandisha kodi hadi bei ya soko, au kuiuza kwa kampuni za aina ileile iliyotutangulia mnadani.

Sina ugomvi na waliouziwa nyumba ili wakae wenyewe. Hao wakimaliza miaka yao ya masharti, thamani iliyopanda ni haki yao. Nawazungumzia wapangaji. Tarehe ya mwisho imo kwenye hati zilizosajiliwa kaunti, na mama anayefanya zamu ya usiku kiwandani hatakwenda kupekua hati za ardhi. Ataijua siku atakapoletewa mkataba mpya wenye kodi mpya.

Utasema hayo ni ya halmashauri. Lakini masharti yaliandikwa Washington, na taarifa za matumizi zililetwa kwako. Tunaomba wizara itoe hadharani orodha ya nyumba za kupangisha za mpango huu, jiji kwa jiji, na tarehe ambayo sharti la kila moja linakoma. Mpangaji apewe taarifa mwaka mmoja kabla, kwa lugha anayoisoma. Na palipobaki mapato ya nyumba zilizouzwa chini ya mpango, halmashauri ziruhusiwe na zihimizwe kuyatumia kurefusha kodi nafuu, au kuyasaidia mashirika ya mtaa kununua kabla mnunuzi wa jumla hajafika. Hilo ni rahisi kuliko kuomba bilioni nyingine bungeni, na safari hii hakuna wa kusingizia kwamba msiba ulikuja ghafla.

Orodha ndiyo ninayoitaka kwanza. Hayo mengine tutabishana ikishatoka.

Wako,
Mpangaji, Cleveland, Ohio