Risala ya Wanafunzi wa Jiofizikia kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonyesho ya Idara

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Idara, wahadhiri na wageni waalikwa, itifaki imezingatiwa.

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha. Kikundi chetu kilianza na wanafunzi wanne na gravimita (kipima nguvu ya mvutano wa dunia) ya kuazima. Leo tunajivunia mafanikio makubwa: tumepima vituo 41 katika Bonde la Rukwa, na mchoro wetu wa miamba ya chini umebandikwa pale mlangoni.

Mheshimiwa, mistari ya mitetemo iliyopigwa Rukwa miaka ya 1980, yaani upimaji wa mwangwi wa mawimbi yanayotumwa ardhini, huonyesha vizuri matabaka ya juu, lakini kadiri unavyoshuka mwangwi hufifia. Graviti, yaani nguvu ya mvutano wa dunia, huufikia mwamba wa msingi ulio chini ya mashapo, ila peke yake hudanganya, kwani maumbo mengi tofauti hutoa kipimo kilekile. Ndiyo maana tunaoanisha viwili hivi. Mashapo yanayopitisha mawimbi kwa mita 3,000 kwa sekunde hukadiriwa kuwa na gramu 2.3 kwa sentimita ya ujazo, dhidi ya 2.67 za mwamba wa msingi. Unene wa kilomita moja wa mashapo hayo hupunguza graviti kwa miligali (kizio kidogo cha graviti) 15 na ushei. Matabaka ya juu tunayafunga kwa mitetemo na visima vya utafutaji mafuta vya Ivuna na Galula vya mwaka 1987, kisha tunasogeza mwamba wa msingi hadi hesabu ilale juu ya vipimo.

Hailali, Mheshimiwa, kwa sababu ya vimo vya vituo. Kosa la mita moja ya kimo huharibu kipimo kwa miligali 0.2. Simu tunazotumia kupima vimo zikikosea mita 5, miligali nzima imepotea, na ufa unachorwa mahali usipokuwepo.

Tunaomba jozi ya vipokezi vya GPS vya upimaji ardhi: kimoja kikae kituo cha msingi, kingine kitembee. Kosa likishuka hadi sentimita 5, ni miligali 0.01 tu. Kipokezi kimoja hakitoshi, maana kinachotembea hurekebishwa na kilichotulia.

Ombi hili lilisomwa hapa mwaka juzi, likapigiwa makofi. Mwaka jana tukaambiwa liko mezani. Meza hiyo hatujajua iko ofisi gani. Fulana tulizoletewa badala yake tunazishukuru sana, na ndizo tulizovaa leo.

Safari ijayo ni Agosti, kabla mvua hazijageuza njia za bondeni kuwa tope.

Tunaomba kuwasilisha.