Mhariri, tusiuze viwanja kufuata roboti ya goti

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako maana hili jambo limenikaa kooni muda mrefu na najua sio mimi tu. Siku hizi ukifungua simu unakutana na matangazo ya kubadilishiwa goti kwa roboti, huko India, mgonjwa kesho yake anapanda ngazi anacheka, na magazeti nayo yanayachapa vilevile yalivyoletwa, hakuna hata daktari mmoja aliyeulizwa swali.

Mama yangu ana miaka 67, magoti yote mawili yamesagika, yani gegedu limeisha kabisa mfupa unasuguana na mfupa. Akiinuka unalisikia goti linavyolia ukiwa chumba cha pili. Alifika mahali anaswali kwenye kiti cha plastiki, na choo chetu ni cha kuchuchumaa kwaio kila akienda lazima mtu amshike, mtu mzima kama yule. Akatokea dalali mmoja wa matibabu ya nje akatuambia bila roboti goti litakaa upande na litalegea baada ya miaka michache tu. Tukaamini, tukatangaza kiwanja cha Chanika tunauza, mnunuzi hapatikani, mwaka ukaisha na wa pili nao ukaisha, mama muda wote huo anameza diklofenaki, dawa ya maumivu, mpaka tumbo likaanza kumsumbua. Hiyo miaka miwili ndo inayoniuma mpaka leo.

Siku tulipokaa na daktari wa mifupa ndo tukaelezwa vizuri. Roboti haimpasui mtu yenyewe. Kwa ile aina inayotumika sana mgonjwa anapigwa siti-skani kabla, kompyuta inachora goti lake, daktari anapanga humo mfupa ukatwe wapi na kiasi gani, alafu siku ya oparesheni wanapachika vialama kwenye mfupa wa paja na wa muundi, kamera inavifuatilia, na msumeno anaushika daktari mwenyewe ila mkono wa mashine unamzuia asitoke nje ya mpaka aliouweka. Ni kitu kizuri, sikatai, mfupa unakatwa kwa vipimo sahihi zaidi. Lakini kinachowekwa ndani ya goti ni kilekile, chuma juu, chuma chini, plastiki ngumu katikati.

Na hayo magoti yanayowekwa kwa mkono bila roboti yanadumu jamani. Jarida la Lancet mwaka 2019 lilitoa utafiti kwamba magoti bandia kama 82 kati ya 100 yanafikisha miaka 25, na hayo ni magoti yaliyowekwa zamani, kabla roboti hizi za leo hazijaingia sokoni. Korea Kusini nao waliwagawa wagonjwa zaidi ya elfu moja, wengine roboti wengine mkono, wakawafuatilia miaka 10 na zaidi, majibu yakatoka 2020: maumivu, kutembea na kudumu kwa goti hakukuwa na tofauti. Roboti yao ilikuwa ya kizazi cha nyuma, hilo niseme wazi, lakini kwa mtu anayetaka kuuza kiwanja hiyo ni habari anayotakiwa aambiwe kabla hajauza.

Mama mwisho alifanyiwa hapahapa Dar, kwa mkono, goti la kushoto. Kesho yake walimsimamisha. Kazi yenyewe ikaanza nyumbani, na hii hakuna tangazo linaloisema. Kila asubuhi anakaa kwenye mkeka, kanga anaipitisha chini ya unyayo, anavuta kisigino kidogokidogo kuja kwake huku machozi yanamtoka, anahesabu mpaka kumi anaachia. Dada wa fizio, yule anayesimamia mazoezi ya viungo, alitukataza kabisa kumuwekea mto chini ya goti usiku, kweli anapata nafuu ila goti likizoea kulala limekunja halinyooki tena, na sisi wiki ya kwanza tulikuwa tunamuwekea kwa huruma. Sasa fikiria mtu amerudi toka India siku ya 14, karatasi ya mazoezi ni ya kiingereza, fizio hana, goti likivimba au likitoa usaha aliyempasua yuko ng'ambo ya bahari. Mtu huyo, roboti itamsaidia nini?

Kwaio ombi langu mhariri, hayo matangazo mkiyaweka wekeni na daktari wa mifupa pembeni yake, pale MOI, taasisi ya mifupa Muhimbili, wapo wanaobadilisha magoti, waulizwe bei, foleni ikoje, bima inalipa kiasi gani. Na ndugu wasomaji mkikaa na daktari, wa hapa au wa huko, muulizeni anabadilisha magoti mangapi kwa mwaka, wangapi walipata maambukizi, na nani atamsimamia mgonjwa kwenye mazoezi akisharudi nyumbani. Mwenye uwezo wake aende kwenye roboti, sina neno. Ila mzazi wako asikae miaka miwili kwenye kiti cha plastiki anasubiri kiwanja kiuzwe kama wangu alivyokaa.

Goti lake la kulia tumepangiwa mwezi wa tano, hospitali ileile na daktari yuleyule.

Msomaji wako,
Mbagala, Dar es Salaam