Beringi ya tairi ikianza kuvuma, usisafiri nayo

Kila Desemba, watu wa Dar wakianza kujipanga kwenda Moshi na Arusha, swali hili linatufikia gereji karibu kwa maneno yaleyale: "Fundi, gari linavuma lakini linatembea vizuri tu. Si naweza kwenda nalo, nikirudi Januari ndiyo nikuletee?"

Kama kinachovuma ni beringi ya tairi, ile inayolibeba tairi na kulifanya lizunguke laini, jibu letu ni hapana. Kuzunguka mtaani siku mbili tatu ukitafuta hela ya spea, taratibu, bila mzigo, tena tairi likiwa bado halijaanza kucheza, hilo tunaweza kulijadili. Dar mpaka Moshi ni zaidi ya kilomita 500, na unakwenda na familia nzima, mabegi, na gunia la mchele juu yake.

Hebu tupige hesabu. Toyota IST yenye matairi ya 175/65 R14 husogea karibu mita 1.83 kwa kila mzunguko wa tairi. Ukiwa spidi 80, tairi linazunguka mara 12 kila sekunde, na hadi umalize hizo kilomita 500 limezunguka zaidi ya mara 270,000. Muda wote huo uzito wa upande ule wa gari unapita kwenye gololi chache zilizobanwa kati ya ringi mbili za chuma. Ringi zikiwa laini na grisi ikiwepo, beringi hudumu miaka. Ikitoka kidonda kimoja kwenye ringi, kila gololi inayopita pale inakigonga, chembe za chuma zinaingia kwenye grisi, na kidonda kinazaa vingine. Kwa hiyo usisubiri mvumo upoe wenyewe. Utazidi tu, ila unazidi pole pole kiasi kwamba unauzoea, mpaka abiria mgeni akuulize hilo gari lina nini.

Utaujuaje? Mara nyingi husikika kuanzia spidi 50 au 60, kama ndege inayopita mbali, na unapanda kadri unavyoongeza mwendo. Ukiachia mafuta injini ikashuka, mvumo unabaki kufuata spidi ya gari. Ukikata kona ya kulia uzito unahamia kushoto, hivyo mvumo ukizidi hapo tunaanza kushuku beringi ya kushoto. Dalili hii hudanganya wakati mwingine, ndiyo maana hatununui spea kabla ya kupandisha gari kwenye jeki na kuzungusha tairi kwa mkono. Wengi hukimbilia kulaumu matairi, na kweli tairi lililolika vibaya nalo huvuma. Ila mlio wa tairi hubadilika ukitoka lami iliyochakaa kuingia lami mpya. Beringi haijali lami.

Sasa hatari yenyewe. Beringi ikilegea, habu, yaani kitovu ambacho tairi limefungwa juu yake, inayumba, na diski ya breki inayumba nayo. Ile diski inazisukuma pedi nyuma, kwa hiyo ukikanyaga breki mara ya kwanza pedeli inazama kuliko kawaida. Ukikanyaga tena inashika. Hebu fikiria ile mara ya kwanza ni pale lori lililo mbele yako limesimama ghafla. Kwenye magari mengi ya sasa sensa ya ABS, mfumo unaozuia matairi yasijifunge ukikanyaga breki, inasoma mzunguko hapohapo kwenye beringi au habu, hivyo taa ya ABS inaweza kuwaka, na mtu akabadilisha sensa bure. Tairi nalo linaanza kulika upande. Mwishoni joto: grisi inaungua, rimu moja inakuwa ya moto kuliko nyingine, na beringi inaweza kujifunga au kusagika kabisa. Mbele angalau shafti inayozungusha tairi, na nati yake, vinaweza kuishikilia habu kwa muda. Nyuma ya IST au Vitz isiyo ya 4WD hakuna shafti. Kinacholibeba tairi ni beringi na habu yake. Ikisambaratika, tairi linaondoka.

Kwa nini zinakufa mapema? Maji ya mafuriko ni sababu kubwa hapa mjini. Beringi iliyopata moto barabarani ikizama ghafla kwenye maji, kama yale ya Jangwani wakati wa masika, maji na mchanga hupenya kwenye sili, ule mpira unaoiziba beringi. Mashimo na matuta yaliyorukwa kwa kasi, mzigo wa kupitiliza kwenye Kirikuu, hayo unayajua.

Lakini sababu tunayoichukia ni nyundo. Beringi ya mbele ya magari haya madogo huingia kwa kubana sana, na inatakiwa iingizwe kwa presi, mashine inayoisukuma bila kuigonga, ukisukuma ringi ya nje tu. Fundi asiye na presi anaigonga katikati. Pigo linapita kwenye gololi na kuacha vibonyeo vidogo kwenye ringi ambavyo macho hayavioni. Beringi mpya, imetoka kwenye boksi asubuhi, na jioni imeshaanza safari ya kuvuma. Halafu mteja anaambiwa spea ilikuwa feki! Kuna beringi nyingine yenye ringi ya sumaku upande mmoja kwa ajili ya ABS. Ikiingizwa kinyume, gari linatembea vizuri ila taa ya ABS haizimiki. Na nati ya shafti haikazwi kwa kukadiria. Kwenye Toyota nyingi ndogo inataka zaidi ya newtoni mita 200, kwa spana ya kupimia.

Feki zipo pia, hatukatai. Linganisha namba iliyochorwa kwenye ringi na ile ya beringi iliyotoka, na ukitajiwa bei iliyo nusu ya maduka mengine, kuwa na wasiwasi. Beringi ya mtumba hatufungi, hata ukija nayo mwenyewe.

Ukija kwetu, tunaendesha gari pamoja nawe kwanza ili utuonyeshe mlio unaousikia. Tukirudi tunapima shokapu, bushi na boli jointi pia, kwa sababu boli jointi iliyokwisha hulifanya tairi licheze vilevile. Bei unaambiwa kabla hatujafungua, na beringi ya zamani unakabidhiwa. Izungushe mkononi usikie inavyokwaruza. Upande wa pili hatubadilishi kwa sababu tu huu umekufa. Tunaupima, na ukiwa mzima unabaki. Wanaosafiri sikukuu waje mapema Desemba: wiki ya Krismasi foleni ya presi inakuwa ndefu, na beringi haifungwi kwa haraka.